Dama Kiponda, Aliyeichora Mikokoni Bila Nyumba

Ndugu, majirani, waumini wenzetu, na ninyi nyote mliopanda hadi huku juu kutusindikizia mama yetu, poleni na karibuni. Mimi ni Vivian, binti wa Karisa Kiponda, na marehemu alikuwa shangazi yangu. Baba ndiye aliyetakiwa kusoma, kwa kuwa ndiye kaka pekee aliyebaki, lakini tangu asubuhi sauti haimtoki. Nitasoma mimi, na sitachelewesha, kwa sababu ambazo wengi wenu mmeziona kwa macho mlipokuwa mkija.

Dama Kiponda alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Agosti 1962, hapa hapa Mikokoni, nyuma ya Mjambere, katika nyumba ya udongo iliyosimama pale penye mkorosho. Wazazi wake, Mzee Kiponda na Mama Kafedha, walikuwa wametoka pande za Kaloleni miaka michache kabla yake, wakapata mahali pa kujenga juu ya mkono huu wa bahari wakati hakuna aliyepataka. Mzee alikuwa mkata mawe. Mama alilima mihogo na kuuza maji kutoka kisima walichokichimba wenyewe. Walizaa watoto watano. Dama alikuwa wa tatu.

Alianza masomo mwaka 1970 katika shule ya msingi iliyokuwa jirani na kanisa, Frere Town, akienda na kurudi kwa miguu. Kuna kisa alichopenda kukisimulia mwenyewe. Siku moja mwalimu aliwaambia darasa zima wachore nchi yao. Akatundika ukutani picha ya mlima wenye theluji, na chini yake nyika pana na twiga, akasema, "Hii ndiyo Kenya. Igeni." Watoto wakainamia karatasi. Dama akanyoosha mkono.

"Mwalimu, ile nyeupe kule juu ni chumvi?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, akamweleza kuhusu barafu. Dama akauliza tena, "Na sisi tuko upande gani wa mlima?"

"Wewe chora tu," mwalimu akamwambia.

Akachora, na mchoro wake ukabandikwa mlangoni mpaka mwisho wa mwaka. Mama Kafedha alipokuja kuuona, aliusifu sana, kisha akauliza pale ni kwa nani.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1976. Kwa kuwa Mzee Kiponda alikuwa ameumia mgongo machimboni, haikuwezekana aendelee. Mwaka uliofuata akavuka feri mpaka Likoni kutafuta kazi kwa Fundi Sharif, aliyekuwa akiandika mabango ya maduka na kuchora mapazia ya studio za picha. Fundi Sharif alimtazama msichana yule mwembamba, akatazama ngazi yake.

"Mwanamke juu ya ngazi? Watu watasema nini?"

"Shikamoo, Fundi. Basi nishikie ngazi, tusemwe sote wawili."

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Alimfundisha miaka sita, kama binti yake, kuchanganya rangi na kunyoosha herufi, na jinsi ya kuifanya mbingu iende mbali juu ya kitambaa kisichozidi upana wa mlango. Dama alilia msiba wake mwaka 1998 kana kwamba ni wa baba mzazi.

Wazee waliopo hapa wanaikumbuka studio ile ya Likoni na pazia lake kubwa. Lilikuwa na ule mlima wenye theluji, pundamilia, miti ya nyika, na bendera pembeni. Alilichora Dama, ambaye wakati huo alikuwa hajawahi kufika hata Mariakani. Watu wa Likoni, wa Mtongwe, hata wa Changamwe, walikuja na nguo zao za Idi na za Krismasi wakasimama mbele ya mlima ule. Wavuvi na mabibi harusi walipigwa picha hapo, na wazee waliotaka kuwatumia watoto wao picha huko Arabuni. Mtu akiitazama albamu ya nyumba yoyote ya miaka ile atadhani watu wa pwani waliishi kwenye baridi.

Pazia hilo ndilo lililomletea mume. Kaingu Tsuma alikuwa seremala aliyeitengenezea studio fremu. Siku moja mwenye studio alimwambia asimame apigwe picha bure. Kaingu akasimama kama mlingoti, uso umekunjwa.

"Cheka kidogo," Dama akamwambia kutoka nyuma ya kamera.

"Nimesimamishwa mbele ya mlima ambao siujui wala haunijui. Nicheke nini?"

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 8 Desemba 1984, kanisani Frere Town, wakajenga hapa Mikokoni karibu na wazazi wake. Mungu akawajalia watoto wawili, Kafedha, aliyepewa jina la bibi yake, na Tsuma; tangu hapo Dama naye akaitwa Mama Kafedha. Kaingu alikuwa mtu wa maneno machache na mkono mzuri. Mbao zote za mabango ya Dama alizipiga randa yeye.

Simu zilipoanza kupiga picha, mapazia ya studio yalikufa, lakini Dama hakukosa kazi. Alichora kuta za shule za chekechea, mabango ya vinyozi, ramani za Kenya kwenye kuta za madarasa, mbuzi na ng'ombe kwenye maduka ya nyama. Ukipita Kisauni leo, kazi zake ziko kila mahali, na nyingi hazina jina lake.

Mwaka 2017 alikuja Bwana Luqman. Alikuwa katika kamati iliyokuwa ikiandaa sikukuu ya taifa, na alitaka mchoro mkubwa wa ukutani kwa ukumbi wa umma, kule kisiwani. Kila pembe ya nchi ingekuwa na ukuta wake. Wa bara walikwisha kuuchora mlima, wa magharibi ziwa, na ule wa pwani ulikuwa bado. Bwana Luqman alikuwa mtu wa heshima na hakuna ubaya alioukusudia. Hilo Dama mwenyewe alilisema mpaka mwisho.

Kwa majuma kadhaa Dama alikaa kwenye baraza lake akachora alichokiona. Alichora mteremko huu, mikoko kule chini na maji yakizunguka. Aliweka nyumba zetu za mabati na za makuti, msalaba wa kanisa, msikiti mdogo wa akina Bi Mwanatabu, jirani yake, na leso za Bi Mwanatabu zikiwa kwenye kamba. Bwana Luqman akaja kutazama.

"Mama Kafedha, kazi ni nzuri sana. Lakini hii ni picha ya mtaa. Sisi tunataka picha ya nchi."

"Kwani mtaa hauko nchini?"

"Uko, mama. Ila mtu wa Garissa au wa Kisumu akiona mabati, haoni pwani. Anaona mabati. Zitoe nyumba, watu waione nchi."

Alizitoa. Alianza na ya kwake, kwa sababu aliona aibu kuanza na ya jirani. Mahali pa nyumba akaweka miti na majani. Juu ya ule mwamba wa upande wa kusini, ambapo hata nyasi haishiki, akaweka minazi mitatu iliyoinamiana, kwa kuwa pembe ile ya mchoro ilikuwa tupu na jicho lilitaka kitu. Kaingu alipoona, alimuuliza, "Na sisi umetuweka wapi?"

"Tuko nyuma ya miti."

"Haya," Kaingu akasema, na akaenda kumtengenezea jukwaa la kupandia.

Mchoro ulizinduliwa kwa ngoma na hotuba. Dama alikaa safu ya mbele, amevaa gauni la buluu alilolishona mwenyewe. Ukapendwa kupita kiasi. Ulichapishwa kwenye kalenda, kwenye majalada ya madaftari ya shule, kwenye mabango ya kukaribisha wageni. Watoto wa sehemu ambazo hatujawahi kufika walijifunza kwamba hiyo ndiyo pwani yao. Nilikuwa chuoni Eldoret wakati huo, na nilibandika kalenda yake juu ya kitanda changu kwa majivuno. Rafiki yangu wa chumba kimoja, Fancy, msichana wa Kericho, alikuwa akiitazama kila asubuhi. Siku moja aliniambia, "Vivian, kwenu ni kuzuri hivi, mbona hakuna mtu anaishi?" Nilicheka. Nilipokuja likizo nikamsimulia shangazi, nikidhani atacheka pia. Aliweka brashi chini, na hakuishika tena siku hiyo.

Mzee Kaingu alifariki tarehe 3 Machi 2020, akazikwa hapa nyumbani.

Mwaka 2022 walikuja wapimaji ardhi. Waliweka vigingi vyekundu, hawakusema vya nini. Aprili 2023 tukaamka tukakuta bango kubwa kule njia panda. Lilikuwa na mchoro wa Dama, wote, kuanzia maji mpaka minazi mitatu, na maneno juu yake: MANDHARI YA TAIFA. ENEO LA KUREJESHWA KATIKA HALI YAKE YA ASILI. Watu walikusanyika wakaanza kutafuta nyumba zao. Bi Mwanatabu alipanda juu ya jiwe, akaweka kidole kwenye bango.

"Mama Kafedha, kwangu si ni hapa? Mbona pana mti?"

Dama alisogea karibu na jiwe.

"Wallahi nakuuliza kwa wema. Mti huu ni wa nini?"

"Niliambiwa niutie," Dama akasema, na hilo tu.

Agosti mwaka huo kulikuwa na kikao kwenye uwanja wa shule. Afisa wa mradi alieleza kwamba nchi nzima imeipenda sehemu hii, kwamba ni fahari ya Wakenya wote, na kwamba makazi yaliyoingilia mandhari yataondolewa. Dama aliomba kusema. Alipewa kipaza sauti.

"Mimi ndiye niliyeichora picha hiyo."

"Tunakushukuru sana, mama. Umeliachia taifa urithi."

"Nataka mjue kwamba palikuwa na nyumba. Ziko tangu kabla sijazaliwa."

Afisa akainua kalenda watu waione. "Mchoro huu ni wako?"

"Ni wangu."

"Hizo nyumba ziko wapi?"

"Nilikuwa nimekaa ndani ya mojawapo nikichora."

Watu walipiga makofi. Afisa alingoja yaishe, kisha akasema kwa upole, "Mama, mchoro huu kwa sasa si wako. Ni wa taifa." Akamkabidhi mwenzake kipaza sauti, wakaendelea na jambo lingine.

Februari 2024 tingatinga liliingia kutoka upande wa maji. Nyumba za chini zilikwenda kwanza, familia kumi na moja. Kifusi kilipozolewa walileta miche ya mikoko na miti mingine, wakawa wanaipanda huku wameshika nakala ya mchoro mkononi, wakipima kwa macho. Pale Dama alipoweka mti kwa brashi, waliuweka mti. Kisha siku moja lori lilileta minazi mitatu mizima, na mashine ikatoboa ule mwamba wa kusini, wakaisimamisha pale imeinamiana. Ilikauka kabla ya mwezi kwisha. Wakaing'oa na kuleta mingine mitatu. Dama alitazama yote hayo akiwa barazani. Kafedha anasema siku ya minazi mama yake alikataa kula, akawa anarudia neno moja: "Sikuiona popote, mwanangu. Niliitia tu."

Tarehe 12 Juni 2024, siku ya Jumatano, Dama alivaa gauni lake la kazi, akachukua makopo ya rangi na brashi zake, akavuka daraja la Nyali kwenda kisiwani. Mlangoni mwa ukumbi alikuwako mlinzi aitwaye Kalama, aliyemfahamu tangu siku za uzinduzi.

"Habari za siku nyingi, mama. Umekuja kurekebisha?"

"Nimekuja kumalizia, mwanangu."

Kalama akamletea ngazi na kumshikia. Dama alichora kuanzia asubuhi mpaka saa ya chakula cha mchana. Alianza na nyumba ya Bi Mwanatabu, na leso zake kwenye kamba. Akafuata msikiti, kanisa, kisima cha mama yake, nyumba tatu za chini zilizokwisha kuvunjwa. Akaweka kaburi la Kaingu na msalaba wake. Askari walipokuja kumteremsha alikuwa ameanza kuta za nyumba yake mwenyewe, paa bado.

Alilala kituoni siku mbili, mwanamke wa miaka sitini na moja mwenye kifua kibovu. Kalama alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Mahakamani hakimu alimsomea shtaka la kuharibu mali ya umma, akamuuliza kama anakubali kwamba aliuharibu mchoro.

"La, mheshimiwa. Nilikuwa sijaumaliza."

Aliachiliwa kwa dhamana. Kesi iliahirishwa mara kwa mara, na imepangwa kutajwa tarehe 2 Septemba, siku kumi kutoka leo. Nilikwenda ukumbini baadaye kujionea. Nyumba zimefunikwa kwa rangi ya kijani, lakini si kijani chake. Doa linaonekana tangu mlangoni, limesambaa katikati ya mteremko kama ukungu. Kalenda za mwaka huu zimetoka na picha ya zamani.

Kikohozi kilikuwa naye tangu mwaka 2021. Daktari alisema mapafu yalikuwa yamechoshwa na miaka mingi ya kuvuta harufu ya rangi na dawa za kuiyeyushia. Baada ya zile siku mbili za sakafu ya saruji hakurudi tena katika hali yake. Alilazwa Novemba, akalazwa tena Mei mwaka huu. Mwezi wa saba aliomba arudishwe nyumbani. Tsuma alijaribu kumshawishi akae kwake Changamwe, mbali na vumbi na kelele. Akasema, "Nikitoka leo, kesho mtaambiwa hapakuwa na mtu."

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Agosti 2025, alikuwa amelala, na dirisha liko wazi. Nje, tingatinga lilikuwa likifanya kazi.

"Wamefika wapi?" akamuuliza Kafedha.

"Kwa Bi Mwanatabu, mama."

"Naye yuko wapi?"

"Yuko hapa mlangoni, na mizigo yake."

"Aingie. Alale chumba cha baba yenu."

Bi Mwanatabu aliingia, akaketi kitandani, akamshika mkono. Hawakuzungumza lolote kuhusu ule mti. Bi Mwanatabu alimpangusa uso kwa ncha ya leso yake, akamsomea dua kwa sauti ya chini, na Kafedha akasali upande wa pili. Dama alifariki akiwa kati yao, siku mbili baada ya kutimiza miaka sitini na mitatu.

Sasa niseme lile ambalo baba ameshindwa kulisema. Jumatano walikuja watu wawili wa mradi wakabandika ilani mlangoni. Inasema hakuna kaburi jipya litakaloruhusiwa ndani ya mandhari, na kwamba yaliyopo yatahamishwa kwa utaratibu utakaotangazwa. Walitupa nafasi kwenye makaburi ya umma. Tsuma aliwaambia, "Mama ana mahali pake, kando ya baba." Jana vijana walichimba. Leo alfajiri baba alipokwenda kutazama, alikuta kaburi limejazwa mawe mpaka juu, na alama za magurudumu zimelizunguka. Vijana wamechimba upya, wamemaliza muda mfupi kabla ninyi hamjafika. Wako wanne wanalilinda tunapozungumza, na Kalama ni mmoja wao. Mashine mnayoisikia iko chini ya mkorosho. Imewashwa tangu tulipoanza ibada, na dereva wake hajashuka.

Marehemu ameacha watoto, Kafedha na Tsuma. Mkwe mmoja na wajukuu wanne. Kaka yake, Karisa. Mimi na wapwa wengine. Bi Mwanatabu, aliyekuwa jirani na sasa ni wa nyumba hii. Na majirani wa Mikokoni, waliobaki na waliokwisha kuondolewa, ambao leo wamerudi wote.

Familia ina ombi moja. Baada ya mazishi, desturi ni watu kula na kuagana. Tunawaomba mle, lakini msiondoke. Mwenye mkeka autandike. Aliyekuja na watoto awaweke ndani ya nyumba. Anayeweza kukaa mpaka kesho akae, na anayeweza kukaa matanga yote akae, kwa maana tunajua kaburi lenye watu haliguswi, na hatujui litakuwaje tukilala hapa sisi watano tu wa nyumba hii.

Mungu ampokee Dama, ampe utulivu katika udongo huu aliozaliwa juu yake. Na sisi tulio hai, atutie nguvu tukae karibu naye. Wabebaji, tafadhali, njooni sasa.